Kwaresima Bila Supu ya Kwato

Mama alipomfuata baba kaburini, jamaa walikaa kikao wakataka kutugawa, huyu Busia, yule Kakamega. Mjomba, kaka yake mama, akakataa. Akahamia kwetu Kariobangi na kitanda chake. Mimi kifungua mimba nikaacha shule, nikauza mboga, lakini kazi yake ya kiwandani ndiyo iliyotushika pamoja. Sote tulijua: mguu wa mjomba ukishindwa kufika kiwandani kule Industrial Area, tutatawanywa.

Na mguu ule ulikuwa na mambo yake. Kidole gumba kilivimba kikang'aa kama nyanya mbivu. Hata shuka ikikigusa alipiga yowe.

"Anko, mwanaume mzima unaogopa shuka?" kitinda mimba wetu alimcheka.

"Toka hapo! Hata ukipumua unaniumiza."

Mama mmoja aliyeuza mizizi ya dawa sokoni alisema ni jongo, ugonjwa wa kuvimba viungo. Akatufungia magome na mizizi kwenye gazeti, tuchemshe ndani ya supu ya kwato na matumbo. Siku hizo, dawa ya mizizi bila supu haikuhesabiwa kuwa dawa. Sufuria ilitokota jioni nzima, majirani wa ploti wakipita na vikombe wakijifanya wanakuja kumpa pole. Mjomba alikunywa huku kipara kikitoka jasho, akitusimulia mama alivyokuwa msichana mtundu wa kupanda miti. Ningeweza kumsikiliza mpaka asubuhi.

Mguu ulipoa, ukarudi. Tukaongeza supu. Ukapoa, ukarudi tena.

Ikaingia Kwaresima. Kwetu nyama haikuliwa mpaka Pasaka, basi nikachemsha mizizi kwa maji matupu.

"Haya ni maji ya kuoshea mizizi," mjomba alinung'unika. Akanywa hivyo hivyo, na Kwaresima yote akaenda kazini akipiga mluzi. Yule mama wa sokoni akasema ni mizizi yake. Mjomba akasema ni sala.

Pasaka tulipika kwato, sufuria ikajaa hadi juu. Haukupita muda, kidole kikavimba tena. Msimamizi wake akatuma neno: asipoonekana wiki hii, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nilimpeleka zahanati, amejiegemeza begani kwangu. Muuguzi aliuliza anakula nini. Nilipofika kwenye supu, akatikisa kichwa.

"Supu ya nyama na matumbo huamsha jongo, dada."

"Na mizizi?"

"Hiyo siwezi kukudanganya. Jongo likishapanda hupoa lenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hivyo chochote ulichokunywa wakati huo kinapata sifa. Mpaka watu wengi wapimwe, hawa wakinywa na wale wasinywe, ndipo tutajua."

Alimpa vidonge. Njiani mjomba alisimama kupumzisha mguu.

"Kwa hivyo supu ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, Anko. Mpaka kitinda mimba wetu amalize shule."

Akacheka, kicheko cha mama kabisa. Wiki ile haijaisha alivaa kiatu, akafunga kamba taratibu, akatoka akichechemea kidogo. Msimamizi alimpokea.

Tulibaki sote chini ya paa lile mpaka kitinda mimba alipomaliza darasa la nane. Supu ya kwato tukawa tunaifuata kwa majirani, tukiwa na vikombe vyetu, mjomba akiwa kazini.