Kambi ya Kemunto

Juzi, kwenye televisheni ya hoteli moja Nyansiongo, niliwaona wasichana wa timu yetu ya taifa ya mpira wakiimba wimbo wa taifa ugenini, nikaikumbuka alasiri ambayo mwalimu wa michezo alifika kwetu Ekerenyo.

Mama alikuwa akimenya ndizi mbichi, jikoni kukinuka utomvu na moshi. Mwalimu alisema dada yangu Kemunto ameitwa kambini na timu ya taifa ya wasichana. Mimi nilijua makambi ya kanisa tu, kwa hivyo niliamini anakwenda kuimba na kusali. Nilishangaa baba, mzee wa kanisa la Wasabato, alipokunja uso.

"Wanacheza Jumamosi?" aliuliza.

"Mara nyingine," mwalimu alijibu.

"Basi haendi."

Kemunto alikuwa ametoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni. Hakulia wala kupaza sauti.

"Baba, Sabato sitacheza. Nitamwambia kocha mwenyewe. Siku zingine nitacheza."

"Na wakikufukuza?"

"Nitarudi nyumbani. Lakini niache niende nikajaribu."

Mvua ilianza kugonga mabati. Mwishowe baba alimwambia mama amtafutie Kemunto begi.

Kocha alikubali. Mechi ya kwanza iliangukia Jumamosi, na Kemunto alikaa nje. Ya pili alicheza mpaka mwisho, na baba aliisikiliza yote redioni, akiwa amesimama.