Tulimngoja Ale Kwanza

Kwetu Butembo msiba hauambiwi mtu mwenye njaa, wala hauambiwi mtu kwa simu. Unamfuata alipo, unamketisha, unamngoja ale, ndipo unafungua mdomo. Kwa hiyo kitinda mimba wetu alipouawa shambani kwenye kakao, upande wa Oicha, familia ilikubaliana kwamba dada yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita yaya, asiambiwe mpaka tumfikie. Yaya anaishi Roma, anatunza wazee. Yule mtoto alikulia mgongoni mwake, maana mama alishinda sokoni.

Viza zilichukua miezi. Muda wote huo, yaya akipiga simu, tulimwambia mdogo wake yuko ndani ya mashamba na huko hakuna rezo ya simu. Jamaa wote, kuanzia Lubero mpaka Beni, walionywa wasimwandikie kitu. Mimi nilipinga. Nilisema njia ya mwongo ni fupi. Papa, yaani baba yetu, akanijibu kwamba nina mdomo lakini sina moyo, na neno hilo linanichoma hadi leo kwa sababu si kweli.

Yaya alitupokea, mama, papa na mimi, uwanja wa ndege akirukaruka kama msichana wa shule. Alikuwa ameomba likizo kwa ajili yetu. Jioni ile alipika, akala, tena akala vizuri, na mimi nikamtazama mama. Mama alitazama sahani yake. Tulipokuwa wawili jikoni alininong'oneza, "Umuache afurahi kidogo. Kesho."

Kesho yake yaya alitupeleka kwa Mtakatifu Petro. Papa, ambaye sokoni Butembo sauti yake inasikika kabla hajaonekana, alisimama mbele ya mashine ya tiketi amenyamaza kabisa. Jogoo wa shamba hawiki mjini. Mama alipoonyeshwa ule uwanja wa kale wa mawe uliobomoka nusu aliuzunguka kwa macho, akauliza mwenye nyumba aliishiwa pesa lini asimalize paa. Tulicheka sote. Nilikasirishwa na kicheko changu mwenyewe. Kila kona yaya alitusimamisha tupigwe picha, na kila picha aliituma kwenye simu ya marehemu, akilalamika kwamba huyu mtoto siku hizi hajibu.

Chakula nacho kilikuwa kingi. Tulikula pitsa ya kukatwa kwa mkasi, tukala maua ya mboga yaliyokaangwa, na kahawa yao ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Siku moja yaya alipika polenta. Papa alifunua sufuria akakuta bugali ya mahindi, ya njano, inafuka moshi.

"Donc nimetoka Butembo nikuje kukula bugali huku?" papa akasema, huku akimega kwa mkono.

Yaya alicheka mpaka akashika ukuta. Alimpiga papa picha ya kumtumia mdogo wetu, akasema, "Hii natumia kadogo. Atakufa na kicheko."

Mama alisimama akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi. Nilimfuata. Nilimwambia kwamba yaya ameshakula asubuhi, ameshakula mchana, sasa anakula jioni, anamngojea ashibe namna gani? Akaendelea kunawa. Nilielewa baadaye kwamba mila ilikuwa imemaliza kazi yake tangu usiku wa kwanza. Kilichobaki ni mama kushindwa kuvumilia kumpoteza mtoto wake mara ya pili.

Jumapili yaya alitupeleka kwenye misa ya Wakongomani. Mama alitukataza hata chai, kwa kuwa tutakomunika. Tukaenda na njaa zetu. Padri alikuwa mtu wa kwetu, na wakati wa maombi alisoma nia za waamini. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wanafunzi, akamshukuru Mungu kwa wageni waliotoka Butembo. Kisha akataja jina la mdogo wetu. Alimwomba Mungu amlinde shambani na amjalie maisha marefu. Watu wakaitika. Yaya aligeuka kututazama, uso umejaa furaha, kwa sababu alikuwa ameandikisha nia ile ili kutufurahisha.

Mama aliweza kumficha binti yake. Kumficha Mungu hakuweza. Alisimama kwenye benchi ameshika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Mon père, hapana kumutia na bazima," alisema. "Mutoto wangu alikufaka. Mumutie na benye kufa."

Yaya hakupiga kelele. Alitoka nje, nasi tukamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Lini?" akauliza.

"Mbele ya Noeli," papa akasema. Sasa ilikuwa imepita Pasaka.

"Matanga mulifanya? Batu balikuja?"

"Balikuja. Bengi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Mama alijaribu kumshika, yaya akautoa mkono wake polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. Nyumbani mama alipika, akamsihi ale. Yaya aliisukuma sahani.

"Na mimi nikikufa huku," alisema, "mutaambia batu niko fasi haina rezo?"

Mama alilia usiku na mchana hadi tulipoondoka. Yaya alitusindikiza, akatubebea mizigo, akatubusu. Yeye mwenyewe hakulia mbele yetu. Alitunyima hilo, na sidhani kama alikosea.

Siku hizi hupiga simu kila Jumapili. Hasalimii. Anataka kila mmoja aje aseme mwenyewe kwa sauti yake, mama, kisha papa, kisha mimi, hata watoto wangu. Wiki iliyopita papa alikuwa Beni kwa biashara. Nilimwambia yaya ukweli, kwamba papa ni mzima na yuko njiani anarudi. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, papa alikufa lini.