Aliyeota Ukuta

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka, hata sasa nikiwa mama mzee, natamani kujifunika uso kwa leso. Wewe umezoea kuniona nimekaa mbele kanisani nikiombea watu. Leo kaa hapa nikuambie nilivyokuwa kabla akili haijanikaa sawasawa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, hapa hapa Kapseret. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba na kuondoka, nasi tukiyanunua kwa kuchanga. Mume wangu Kiprono na ndugu zake walijiunga na wenzao, wakauza ng'ombe, wakapata shamba. Kura ilipopigwa, nyumba ya mzungu ikatuangukia sisi. Nyumba ya mawe, mwanangu, yenye mabati juu! Mimi niliyelelewa chini ya nyasi! Wageni wakija kupitia jikoni, nilikuwa nawazungusha waingie kwa mlango wa mbele ili wauone. Ndivyo nilivyokuwa na maringo.

Kwenye shamba lile tulimkuta Mzee Odera. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akamchungia mzungu ng'ombe mpaka nywele zikawa nyeupe na magoti yakaharibika. Alikaa kwenye kibanda nyuma ya ua wa miti ya misipresi. Hakuwa na hisa, kwa hiyo hakuwa na chochote. Wanakamati wa shamba walimwambia atafute pa kwenda mahindi yakishavunwa, naye akaitikia kwa kichwa.

Tulihamia wakati wa mvua, na nyumba ilikuwa kimya. Halafu mvua ikakatika, mahindi yakavunwa, zikaja zile siku za jua la kuchoma na usiku wa baridi ya kugonganisha meno. Hapo ndipo mabati yalipoanza. Ko! Kisha kimya. Ko, ko! Ungesema mtu anarusha mawe. Ilikuwa hivyo kila jioni jua likizama, na tena asubuhi likipanda.

Nilipotoka kuangalia jioni, nilimkuta Mzee Odera ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wetu wa magharibi, mikono mapajani. Nikitoka jioni nyingine, yupo. Asubuhi sikumwona kabisa, lakini nilijiambia amejificha nyuma ya misipresi. Mtu akishaamua jambo moyoni, maelezo hayamwishii.

Sikumuuliza anafanya nini pale. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliingia ndani nikamwambia Kiprono, "Huyu mzee anatupiga na mawe. Amekasirika juu ya shamba." Nikaona maneno hayo hayatoshi, nikaongeza kwamba nimeona mkono wake ukishuka. Mwanangu, sikuwa nimeona mkono wowote.

Kiprono akawaita wanaume wa jirani. Walimkuta pale pale ukutani.

"Mzee, kila jioni unatafuta nini kwa nyumba ya watu?"

Mzee akajishika magoti, akajaribu kusimama. "Mimi naota tu," akasema. "Naota hii ukuta. Kila jioni mimi naota hii ukuta."

"Mmesikia wenyewe?" Kiprono akapaaza sauti. "Anaota nyumba yetu!"

"Endelea kuota, mzee," mwingine akadakia, "lakini ukalale mbali!"

Wakacheka, nami nikacheka kuwashinda, nimesimama mlangoni na mikono kiunoni. Mzee alikuwa na Kiswahili cha kuchungia ng'ombe tu, maneno ya kutosha kazi. Aliangalia mdomo wa huyu, akaangalia mdomo wa yule, akitafuta ni kipi kinachochekesha. Kesho yake kibanda kiling'olewa. Akashika njia ya Turbo, kwa mtoto wa dada yake, na blanketi lake na sufuria.

Jioni hiyo hiyo mabati yakalia. Nikasema amerudi. Kiprono akazunguka nyumba na tochi, hakuona mtu. Nikasema basi ni paka. Kiprono aliniangalia kidogo, akaingia kulala.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na siku hiyo nilikuwa nimepukuchua mahindi mpaka mgongo ukakataa. Jua lilikuwa linazama, upepo umeanza kuuma. Nikatoka nje, nikajishusha chini, nikaegemea ule ukuta wa magharibi. Mwanangu, ukuta ulikuwa na joto! Mawe yale manene yalikuwa yamepigwa na jua mchana wote, na sasa yalikuwa yanalitoa joto taratibu, linaniingia mgongoni, maumivu yanalegea. Nikasikia raha, nikajisemea kwa sauti, "Wacha nikae hapa niote huu..."

Sikumaliza. Juu ya kichwa changu mabati yakapiga ko! Na mbele yangu uwanja ulikuwa mtupu, hata kuku hakuwepo.

Nilibaki pale nikilia. Mtu huota moto, mtu huota jua. Mzee alisema anaota ukuta, na kweli alikuwa anaota ukuta, kwa sababu ya magoti yake. Sisi wenye Kiswahili kingi tukasikia ndoto, kwa vile tulikuwa tunaogopa kunyang'anywa.

Mambo ya mabati nilikuja kuyaelewa vizuri baadaye. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinanywea. Bati ni jembamba, hupata joto upesi na kulipoteza upesi. Limeshikwa na misumari, haliwezi kusogea kwa raha, kwa hiyo linavutana na misumari na mbao mpaka linaachia kwa kishindo. Wakati wa mvua mawingu hulizuia jua mchana na kupunguza baridi usiku, ndiyo maana tulihamia tukakuta kimya. Jiwe nene nalo hukawia kupata joto, likishalipata hukawia kuliachia, na joto siku zote hutoka kwenye kilicho moto likaenda kwenye kilicho baridi, bila kuuliza mgongo huo ni wa nani. Jua lilikuwa limeondoka, basi. Mabati yakalia, mzee akaja kujipasha. Mimi nikayashona mambo hayo mawili pamoja, nikapata mkosaji.

Nilimwambia mama mkwe wangu kila kitu, pamoja na ule mkono wa uongo. Hakunipigia kelele. "Sokoni unajua kuuliza bei ya leso mpaka mwenye duka achoke," akasema. "Huyu mzee ulishindwa kumuuliza neno moja?" Akanijazia mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwenye kibuyu, akaniambia niende.

Nilimpata Turbo, ameketi kando ya jiko la mpwa wake. Nikapiga magoti na tumbo langu lile, nikasema yote. Alisikiliza, akanywa maziwa, akajifuta mdomo. Nilikuwa nangoja anitukane. Nilitaka sana anitukane.

"Pole, mama," akasema. "Hiyo makosa ni ya Kiswahili yangu. Ningesema mzuri, wangesikia."

Hata kumwambia rudi sikuweza, kwa maana mahali pa kibanda chake palishalimwa, na Kiprono hakutaka habari hiyo izungumzwe. Nilikuja na maziwa na machozi, nikarudi na kibuyu kitupu. Mzee alifia huko Turbo.

Basi nisikilize. Ukisikia kishindo ndani ya nyumba yako, chunguza kwanza nyumba yenyewe: paa, mbao, misumari, jua na baridi. Usianze na watu. Na mtu asiyeijua lugha vizuri akikujibu neno la ajabu, usicheke. Muulize tena, polepole, mpaka umwelewe yeye na si hofu yako. Na usiongeze mkono ambao hukuuona.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akuzidishie watoto na mifugo, akupe jirani wa kukuambia ukweli. Na siku utakayokosea, akupe kuona aibu mapema, mtu uliyemkosea akiwa bado ana pa kurudi.