Gemu za kompyuta dhaifu zilivyombakiza Bertilla kwenye kiti cha Yusto

Saa tatu asubuhi, mvua ya Februari inapiga bati la kibanda kimoja karibu na soko, mjini Sumbawanga. Ndani, Yusto Kasonso anajaribu gemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta kuukuu. Ghafla anaacha, anashika kichwa kwa mikono miwili.

Anamwita mkewe, Bertilla, anayeuza uji wa ulezi barazani. Anamwomba amshikie kiti. Yeye anapita zahanati kuchukua dawa ya kichwa, hachelewi.

Bertilla anafuta mikono kwenye kanga, anakaa. Kwenye kioo, lori limesimama katikati ya daraja. Hagusi kitu, maana hajawahi kugusa.

Yusto hakurudi. Zahanati walimpeleka hospitali, na huko akafariki kwa homa ya uti wa mgongo kabla wiki haijaisha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Mwili ulizikwa kijijini kwao, upande wa Laela, na Bertilla akarudi mjini na watoto wawili, sufuria la uji na kibanda chenye kompyuta nne.

Kazi ya kibanda hicho ni rahisi kuieleza. Kompyuta nyingi zinazoingia Sumbawanga ni za mkono wa pili au wa tatu. Zinatoka Tunduma, zinavuka mpaka wa Kasesya, nyingine zinaletwa na ndugu aliyestaafu ofisi huko Mbeya. Nguvu hazina. Mwenye nayo anataka gemu ya watoto au ya kujipumzisha, na akifuata matangazo ya mtandaoni anapoteza bando bure: gemu inashuka, inafunguka, kisha inaganda kama ugali wa jana.

Yusto alikuwa anawaambia watu gemu ipi itakubali. Nyingi ni za bure kutoka kwa watengenezaji wenyewe: drafti, karata, chesi, mpira wa picha za zamani, mafumbo ya maneno. Nyingine hununuliwa zinaposhushwa bei, zikawa chini ya shilingi elfu tano. Za kuiba hakuweka. Alisema zinakuja na virusi, na virusi vikishaingia mteja haendi kumdai aliyeiba, anakuja kibandani.

Kila gemu aliipitisha kwanza kwenye kompyuta mbovu kuliko zote nne. Betri yake ilikufa zamani, na feni yake inakoroma. Wateja waliipa jina la Bibi.

"Asubuhi wanapita wanauliza, Bibi kaamkaje?" anasema Flavian, fundi simu wa kibanda cha jirani. "Bibi akiicheza gemu bila kulalamika, basi hata yako itaicheza. Ndiyo ilikuwa sheria ya Yusto."

Baada ya maziko, ndugu wa marehemu walikaa kama ilivyo desturi. Walikubaliana kwamba mali igawanywe siku ya kumaliza msiba, baada ya mavuno, ndugu wote wakiwepo. Baltazari, kaka mkubwa wa Yusto, mkulima wa mahindi na ulezi, hakuficha mawazo yake. Kwa upole alimwambia Bertilla kwamba kompyuta si sufuria. Asiyezijua zitamwozea mkononi. Kama ingeonekana kazi haiwezi, zingeuzwa zote, na yeye angerudi kijijini kulima na wenzake.

"Hakunitukana," anasema Bertilla, mwenye umri wa miaka thelathini na sita. "Alisema ukweli aliouona. Mimi nilikuwa muuza uji. Lakini watoto wanasoma hapa, na kulima shamba la mwenzako na watoto wawili mgongoni, nilikuwa nakujua kulivyo."

Akaanza kujifunza. Asubuhi aliuza uji, na ukiisha alikaa mbele ya Bibi. Aliijaribu gemu moja mpaka ikatae, kisha nyingine. Kidato cha nne alikuwa amemaliza, kwa hiyo maelezo ya gemu aliyasoma mwenyewe, polepole, kamusi ya simu ikiwa pembeni. Alijifunza kuangalia RAM, ile nafasi ambayo kompyuta inafanyia kazi zake, kama meza: ikiwa ndogo, vyombo vinaanguka.

Wateja wa kwanza walikuwa wagumu. Timoth, kijana wa bodaboda, alileta kompyuta yenye RAM ya giga mbili akitaka gemu mpya ya magari ambayo marafiki zake wanaicheza.

"Hiyo itakukataa," Bertilla alimwambia.

"Mama, hujaijaribu hata."

"Pikipiki yako unaipakia magunia kumi?"

"Siwezi, itavunjika."

"Basi na hii usiivunje."

Aliondoka na gemu ya magari ya zamani, picha za vidoadoa, bei ya chupa mbili za soda. Bertilla anasema kijana yule hajarudi kulalamika, na katika kazi hii huko ndiko kusifiwa.

Mwezi wa tano Baltazari mwenyewe alifika na kompyuta aliyoinunua kwa ajili ya wanawe. Alitaka gemu nzuri ya watoto. Hakusema ni mtihani, lakini Bertilla alijua.

Alimchagulia gemu ya kulima na kufuga, nyepesi, isiyohitaji mtandao. Aliipitisha kwa Bibi. Akaipitisha kwenye kompyuta ya Baltazari, shemeji yake akiwa amekaa kando anakunywa uji. Haikuganda.

Juma lililofuata Baltazari alirudi.

"Shemeji, gemu yako inaua kompyuta. Watoto wakianza tu kupanda mahindi, inazima."

Bertilla aliiwasha palepale. Gemu ikacheza mpaka yeye mwenyewe akavuna. Baltazari akaibeba, akaondoka. Siku chache baadaye akapiga simu: imezima tena. Sauti yake, anakumbuka Bertilla, haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyemaliza kufikiri. Alisema ameshapata mtu wa Namanyere anayezitaka kompyuta zote, na kwamba siku ya kumaliza msiba imepangwa.

Habari ilienea mjini kabla siku hiyo haijafika. Mteja mmoja alichukua kompyuta yake mezani, akasema atasubiri apatikane fundi mwanaume.

Flavian alimshauri abadilishe gemu, aweke karata, yaishe. Bertilla alikataa. Gemu haikuwa na kosa. Aliiona kwa macho yake ikicheza. Alimwachia Flavian ufunguo, akaenda Laela, nyumbani kwa Baltazari.

Juni kule ni upepo na baridi ya kukata masikio. Alimkuta Cornelia, mke wa Baltazari, anapepeta ulezi uani. Walisalimiana, wakalia kidogo kama wanavyolia watu waliozika pamoja, kisha Bertilla akaomba aonyeshwe kompyuta.

Ilikuwa sebuleni, juu ya kochi la sponji. Imetandikiwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kama zinavyotandikiwa redio na runinga. Juu yake limewekwa blanketi, limekunjwa vizuri kuizunguka kompyuta mpaka chini. Kilichoonekana ni kioo na vitufe tu.

Bertilla aliuliza blanketi ni la nini.

"Baridi hii, mdogo wangu," alijibu Cornelia. "Chuma kikilala na baridi asubuhi hakiamki. Hata pikipiki ya baba yao tunaifunika. Na hiki kimenunuliwa kwa gunia za mahindi, nikiache uchi?"

Bertilla anasema alikaa chini kwenye mkeka kwanza. Matundu ya kutolea joto yalikuwa yamezibwa, chini kwa sponji, pembeni kwa blanketi. Drafti au barua ya kuandika isingeisumbua kompyuta ile. Lakini gemu, hata nyepesi, inaifanyisha kazi, na kompyuta ikifanya kazi inapata joto, na joto likikosa pa kutokea, inajizima ili isiungue.

Kilichomkalisha chini, hata hivyo, hakikuwa blanketi.

"Yusto alikuwa anamuuliza kila mteja, kwenu kompyuta inalala wapi? Kila mteja. Nilikuwa nasikia huku nakoroga uji. Wanajibu kitandani, mezani, kabatini, wanacheka. Mimi nilidhani anapiga soga. Nilijifunza yote aliyoyafanya kwa mikono, hilo moja nikaliacha kwa kuwa lilikuwa la mdomo."

Waliiweka kompyuta kwenye meza ya mbao, bila kitambaa. Rahel, binti wa Baltazari, akaanza kucheza. Baltazari alirudi kutoka shambani akamkuta mwanawe anavuna, akasimama mlangoni na jembe begani. Alikaa pale mpaka Rahel alipopanda msimu wa pili. Kisha akamuuliza mkewe kama mgeni amepewa chakula.

Siku ya kumaliza msiba ilianza kwa Misa. Mchana ndugu walikaa. Bertilla hakuombwa kusema kitu. Baltazari alisema maneno machache, ambayo mjane anayarudia kama alivyoyasikia:

"Nilitaka ziuzwe, na mnunuzi nilikuwa naye. Lakini marehemu aliacha kompyuta na aliacha kazi. Kompyuta tunaweza kugawana. Kazi anayo huyu, hatuwezi kumnyang'anya."

Kompyuta mbili, zile nzuri, zilikwenda kwa wadogo wa marehemu. Ya tatu alipewa Bertilla pamoja na kibanda. Bibi hakuna aliyemtaka, akabaki kibandani.

Sasa kazi inakwenda, kwa mwendo wake. Siku nzuri Bertilla anapata shilingi elfu kumi na tano, siku mbaya ni ya uji peke yake. Kuchagua gemu na kuiweka anatoza elfu tatu. Mteja wa kompyuta dhaifu kabisa anamshauri aanze na za bure, akizichoka ndipo waongee habari ya kununua. Wengine hawazichoki. Bundala, mfugaji aliyehamia bondeni kutoka Shinyanga, amecheza drafti tangu Agosti na anadai kompyuta inamwibia.

Upweke wa kibandani, anasema, unakuja gemu mpya inapokubali, maana hakuna wa kumgeukia na kumwonyesha. Humwonyesha Flavian, ambaye gemu hazijui, na husema "safi" kwa kila kitu.

Mpango wake ni Kasesya. Madereva wa malori hukaa mpakani siku nyingi wakisubiri karatasi, na wengi wana kompyuta za zamani ndani ya gari. Mawakala wa forodha nao wanazo. Amezungumza na mama muuza chakula mmoja, amekubali kumpa pembe ya meza kila Alhamisi.

Swali la kwanza atakalowauliza amelitengeneza tayari, kwa sababu lori nalo lina joto lake: ukiendesha, kompyuta unaiweka wapi?

Alhamisi hii anakwenda. Uji utauzwa na dada yake.