Pipa la Arobaini

Telesfori Habonimana alilinda ghala la sumu kwa miaka tisa, na karibu miaka yote hiyo sumu ile haikumdhuru hata kuku wa jirani. Naliweka hilo mbele makusudi, maana siku hizi ukipita kijijini kwao Murukulazo, kule Ngara, ukataja jina lake watu wanakunja nyuso, kana kwamba mtu huyu hakuwahi kufanya jambo jingine duniani.

Ghala lenyewe liko Biharamulo, kwenye plenti ya kuchenjulia dhahabu. Wachimbaji wadogo wakishaosha udongo wao, mabaki yake, ambayo wenyewe huyaita marudio, huletwa plenti na kulowekwa kwa sayanaidi kwenye matangi ya saruji mpaka dhahabu iliyojificha itoke. Sayanaidi huja ndani ya mapipa ya bluu yenye mfuniko wa kubana kwa pete ya chuma. Ni mapipa mazuri mno. Hayavuji, hayapasuki, panya hawayawezi, na sijui nyumba ya mkulima ambayo isingetamani moja. Telesfori aliyagawa, tena kwa ruhusa. Mkemia wa zamani wa plenti alimfundisha kuyaosha kwa dawa yake maalumu, mara tatu, mchana kweupe, kisha mkemia mwenyewe alilipima kila moja kabla halijatoka getini. Kutoka Biharamulo hadi Ngara watu walihifadhi mahindi na maharage humo, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Alikuwa na miaka tisa alipovuka mpaka kutoka Burundi, mwaka 1993, mama yake mbele na mdogo wake Fideli mgongoni mwake. Fideli alikuwa na miaka mitatu, mzito kama gunia, na alimkojolea njia nzima. Mama yao alifia kambini. Mzee Ntirampeba wa Murukulazo, aliyefahamiana na baba yao zamani, akawachukua na baadaye akawamegea kipande cha shamba la migomba. Uraia waliupata wakiwa watu wazima. Telesfori ndiye aliyemlea Fideli, akamsomesha alipoweza, akamsimamia alipooa, na hata alipohamia Biharamulo na mkewe Clotilda kutafuta kazi, hakuna jambo la nyumba ya Fideli lililofanyika bila yeye kuulizwa.

Kisha ikaja sheria. Serikali ilitaka maghala ya kemikali kali yalindwe barabara, zisije zikaangukia mikononi mwa magaidi. Afisa ukaguzi, mwanamke mtulivu aitwaye Francisca, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kwamba pipa moja tu likipotea linaweza kuua soko zima. Mimi sheria hiyo siilaumu. Ilileta uzio wa seng'enge, kamera na daftari la kila kinachoingia na kutoka. Mapipa matupu nayo yalitakiwa kufungiwa, kuhesabiwa na kupondwapondwa. Kuosha na kugawa kukapigwa marufuku, na yule mkemia wa zamani akaenda zake.

Ilileta pia fomu. Kila anayeshika ufunguo wa ghala alitakiwa kuandika majina ya baba yake na ndugu zake. Sasa, Warundi kila mtoto humpa jina lake mwenyewe, halifuati la baba. Baba yao aliitwa Nshimirimana, yeye ni Habonimana, na mdogo wake ni Fideli Bigirimana. Karani aliisoma fomu mara tatu, akauliza hawa ni ndugu wa aina gani wasiochangia hata jina moja, akaandika kitu pembeni kwa kalamu nyekundu. Telesfori hakuonyeshwa ni kitu gani. Tangu siku hiyo alitembea mle plenti kama mtu aliyechorwa chaki mgongoni, na kila neno gaidi lilipotajwa kwenye mkutano yeye alitazama chini.

Katika hali hiyo Fideli akaja kuomba pipa. Alisema ni la mahindi. Telesfori alikataa, halafu akakumbuka kwamba hajawahi kumnyima Fideli kitu, akakubali. Mahali pa kuoshea palikuwa chini ya kamera kabisa, kwa hiyo hakuliosha. Alilipitisha juu ya uzio, upande wa nyuma, akamwambia Fideli aliweke mbali na watu na asitie chochote ndani mpaka yeye atakapokuja na dawa ya kulisafisha. Aliahidi kuja mwisho wa wiki. Wiki ile zamu zikabanana, ya pili vilevile, na ahadi ikalala.

Alhamisi ya wiki ya tatu Francisca akaja kukagua. Daftari lilisema mapipa matupu arobaini. Uani yalikuwa thelathini na tisa. Wiston, meneja wa plenti, aliyahesabu upya kwa kidole, akayahesabu tena kutoka upande wa pili, na uso ukambadilika. Akaamuru mlinzi yeyote asitoke nje ya uzio mpaka pipa lionekane. Jumamosi jioni likiwa bado, akasema, polisi watakuja, na kesi itaitwa kwa jina lake, ugaidi.

Telesfori alijificha nyuma ya tangi akampigia mdogo wake simu amrudishie pipa upesi. Fideli akacheka. Akasema pipa lina kazi hadi Jumamosi, siku ambayo wakwe wa binti yake Iteka wanakuja kutoa mahari. Mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi ulikuwa umepasuka tangu kiangazi, na mahindi aliyataja tu kwa kuwa alijua kaka yake asingelitoa pipa kwa ajili ya pombe. Rubisi, pombe yao ya ndizi, ilikwisha kukamuliwa, ikatiwa unga wa mtama, ikafunikwa.

"Imwage," Telesfori akasema. "Fideli, imwage yote. Hilo sikuliosha."

"Nimeliosha mimi, kaka. Kwa majivu na maji ya moto, mpaka mikono ikachubuka."

Telesfori alimweleza kwamba majivu hayafiki pale chini ya ukingo, ambapo unga mweupe huganda kama chumvi. Fideli akamjibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mzee mwoga, kwamba miaka yote wametumia mapipa yake na hakuna aliyekufa, na kwamba wakwe hawapokewi kwa maji. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake hasa:

"Njoo tu uonje. Usipokuja, nitaonja mimi mahali pako."

Kwao mgeni hapewi pombe hivihivi. Mwenye nyumba huinywa kwanza, mbele ya macho ya wote, ili mgeni aone kwamba haina ubaya, na katika ukoo kazi hiyo ni ya mkubwa wao. Baba alikwisha kufa. Mkubwa alikuwa Telesfori.

Ijumaa yote aliishi na jambo moja tu. Akimwambia Francisca, gari litatumwa Murukulazo na pipa litapinduliwa, basi. Lakini atakuwa amekiri kwamba yeye, aliyezaliwa Burundi, mwenye wino mwekundu kwenye fomu, ndiye aliyetorosha chombo cha sumu sheria mpya ikiwa bado mbichi, akampa mtu asiyechangia naye jina. Aliiona jela. Alimwona Clotilda akinyang'anywa kitambulisho. Alijiambia huenda Fideli ameliosha vizuri kweli. Alijiambia huenda wakwe watachelewa. Alimpigia mara sita zaidi, Fideli akapokea mbili, na zote mbili akaishia kucheka. Clotilda alipomletea chakula getini alimuuliza mbona midomo imemkauka, naye akasema ni vumbi. Nimemhurumia sana katika mengine, lakini Ijumaa hii simwonei huruma. Mdomo alikuwa nao.

Jumamosi karibu saa sita mchana miguu ilimpeleka yenyewe. Alimkuta Francisca ofisini akijaza taarifa, akamwamkia, akasema bila kuketi:

"Mheshimiwa, pipa nililitoa mimi. Liko Murukulazo kwa mdogo wangu, na lina pombe ndani."

Francisca hakupiga kelele. Aliuliza jina la kitongoji, akampata mtendaji wa kata kwa simu, akamwagiza akimbie na pikipiki na asiruhusu mtu kuigusa pombe ile. Kisha wakakaa. Telesfori alisikia matangi yakidondosha maji, na simu ya Fideli ikiita bila kupokewa. Mtendaji alipopiga, Francisca alisikiliza muda mrefu, akaiweka simu mezani taratibu.

Wakwe walikuwa wamekwisha kuketi. Fideli alitoa udhuru kwamba kaka yake amezuiwa kazini, akachota kibuyu kilichojaa, akasema wageni wasihofu, akakinywa. Alianguka kabla hajakirudisha mezani. Wageni walikuwa watu thelathini na kitu, vikombe vyao mikononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekunywa, kwa kuwa walikuwa wakimsubiri yeye. Iteka alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya.

Polisi walikuja jioni ile kama Wiston alivyosema. Francisca ndiye aliyeandika maelezo, na neno ugaidi hakuliandika popote. Alipomsomea ili atie sahihi, Telesfori aliuliza kama ile alama nyekundu kwenye fomu ilikuwa inamhusisha na magaidi. Francisca akaitafuta fomu, akaigeuza upande wake. Pembeni karani alikuwa ameandika, majina ni ya desturi yao, hayana tatizo.

"Ungeniambia Alhamisi," Francisca akasema, "ungepata barua ya onyo."

Walimruhusu kuzika akiwa na askari wawili. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya migomba, na wakwe nao walikuja, wote, na mahari yao bado haijapokewa na mtu. Telesfori alikwenda kwa mzee Ntirampeba, akapiga goti kwenye tope, akasema shikamoo. Mzee alikawia kuitikia marahaba. Machozi yakimtoka, akasema polepole ili wote wasikie:

"Kibuyu kile kilikuwa chako."

Telesfori akasema ndiyo, mzee. Akaomba koleo. Mtu mmoja akampa, na askari wakamwacha afukie kaburi la mdogo wake, yule ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, mpaka mikono nayo ikachubuka.