Mwalimu Fanueli na Ngozi ya Kitunguu

Mtu yeyote wa kijiji cha Vudee aliyepita mikononi mwa Mwalimu Fanueli Mbwambo, ukimuuliza seli ni nini, hataanza na maneno ya kitabuni. Ataanza na kitunguu.

Kwa miaka thelathini na mitano Mwalimu Fanueli alifundisha sayansi katika shule ileile ya msingi, na kila mwaka, darasa la saba lilipofikia somo la viumbe hai, alikuja na kitunguu kimoja kutoka bustani ya mkewe Ernesta. Alikipasua mbele ya watoto, akabandua ule utando mwembamba wa ndani, akautandaza juu ya kioo, akadondoshea maji na tone la ayodini, akaufunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la yai. Kisha alikiweka chini ya hadubini, pale dirishani, akageuza kile kioo cha kunasa mwanga mpaka jua la mlimani likaingia vizuri. Watoto walipanga mstari. Mmoja mmoja aliinama, akafumba jicho moja, na mwalimu akauliza, "Unaona nini?"

"Naona vyumba, mwalimu. Vingi, vimepangana."

Hivyo ndivyo zilivyo seli za kitunguu. Zimepangana mstari kwa mstari, zimetenganishwa kwa kuta, mithili ya matuta ya mashamba yao ukiyatazama kutoka juu, na ndani ya kila moja kuna kidoa kidogo cha rangi, kiini. Mtoto aliyekiona kile kidoa mara ya kwanza hakukisahau. Alirudi nyumbani akiutazama mkono wake mwenyewe kwa mashaka, akijua na wenyewe umejengwa kwa vyumba asivyoviona.

Lakini kabla ya kitunguu lilitangulia somo la maada, na hapo mwalimu hakuwa na mchezo. Alichukua bilauri tupu, akashindilia karatasi ndani kabisa kwenye kitako, akaizamisha kichwa chini katika beseni la maji. Alipoitoa, karatasi ilikuwa kavu. "Bilauri ilikuwa na nini?" Wajinga walisema haikuwa na kitu. "Ilikuwa na hewa! Hewa nayo ni maada. Ni kama mgeni usiyemwona: amekaa kwenye kiti, na mahali alipokaa mwingine hakai." Kisha akawaonya juu ya hadubini: ukifunika kioo kwa pupa, unaifungia hewa ndani, nayo itajitokeza kama duara lenye ukingo mweusi mnene. Hicho ni kiputo, si seli. Hakina kiini, hakina uhai. Futa, anza upya.

Na hapo ndipo alipoiweka ile amri yake ambayo hata watu wazima wa Vudee bado wanaitaja kwa kucheka: "Usiandike usichokiona. Hata kama mimi Fanueli nimekuambia kipo, wewe kama hukioni, andika sikioni."

Maneno mazuri sana. Yana tabu moja tu: ni rahisi kuyasema ukiwa na macho.

Macho ya Mwalimu Fanueli yalianza kufifia mwaka aliofariki Ernesta. Kwanza alidhani ni machozi. Jicho la kulia, lile la hadubini, likajaa ukungu usioondoka hata jua likiwa utosini. La kushoto likawa kama linachungulia tundu la ufunguo. Alipoteremka mjini Same kwenda kupimwa, daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi, na kwamba angepaswa kuja mapema. Alimpa dawa ya matone. Mwalimu aliitia chupa mfukoni, akapanda gari, akarudi mlimani na hakumwambia mtu.

Msimlaumu haraka. Ilikuwa imebaki miaka mitatu astaafu. Mke hayupo, watoto wako mbali, na asubuhi alichokuwa nacho kilikuwa ni darasa. Akisema haoni, watamwondoa. Kwa hiyo alijifunza. Ubao aliuandika kwa mazoea. Hadubini aliirekebisha kwa kuhesabu mizunguko ya kile kitasa cha kulengea. Kitunguu alikibandua kwa kucha. Kioo chembamba tu ndicho kilichomshinda. Kile hulazwa upande mmoja kwanza, kikashushwa taratibu kwa ncha ya sindano, ili hewa ipate njia ya kutoka. Yeye ncha ya sindano hakuiona tena, basi akawa anakiangusha tu, pa.

Na watoto waliinama mmoja mmoja, wakasema, "Naona vyumba, mwalimu. Vingi, vimepangana." Moyo wake ukatulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alikuja kuumbuliwa na kitunguu.

Julai ya mwaka wake wa mwisho, darasani alikuwemo msichana anaitwa Sharifa. Alizaliwa Nyumba ya Mungu, bwawa lililoko kule tambarare, mama yake anauza samaki aina ya perege pale bwawani, naye aliletwa Vudee kwa shangazi yake asome. Alikuwa msichana wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari. Zamu yake ilipofika aliinama muda mrefu kuliko wenzake.

"Unaona nini?" akauliza mwalimu.

"Viputo, mwalimu."

Vichwa vyote viligeuka.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, mwalimu. Ni viputo tu. Vyumba sivioni."

Kama angekuwa Fanueli wa zamani, angeinama mwenyewe akaangalia. Lakini huyu wa sasa angeinama aone nini? Hofu ilimpanda, na kwa mwalimu hofu hugeuka ukali upesi sana. "Wenzako thelathini wameona, wewe peke yako ndiye huoni! Macho yako yamezoea perege. Haya, rudi kwa perege wako, utuachie hadubini yetu!"

Darasa lilicheka. Sharifa alirudi kwenye dawati, akaandika kwenye daftari lake neno moja, "sikioni," kama alivyofundishwa. Mwalimu alipoletewa daftari hakuweza kulisoma, akatia alama ya kosa kwa sababu ya ubishi wake.

Jumatatu iliyofuata Sharifa hakuja. Wala wiki ile yote. Shangazi alisema amefunga nguo zake akateremka kwa mama, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba mwalimu amemwambia arudi kwa perege. Mwalimu Fanueli akasema moyoni, atakuja, watoto wa siku hizi wana deko. Hakuja.

Mwezi wa nane aliletwa mwalimu mpya, binti anaitwa Doris, aje kurithi somo la sayansi. Siku ya marudio ya somo la kitunguu alikaa nyuma ya darasa akimtazama mzee anavyofundisha, na hakika alifurahi, maana Fanueli alijua kufundisha. Watoto walipotoka, Doris akasogea dirishani, akainama kwenye hadubini kwa hamu yake tu. Akageuza kitasa, akainama tena.

"Mwalimu," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa, "samahani. Hapa pamejaa hewa. Ngozi haionekani kabisa."

Fanueli alishika ukingo wa dirisha. Kisha akasema, "Niitie watoto, mwanangu."

Walirudi, wakasimama kwenye madawati. Hakupandisha sauti. "Leo, kwenye hadubini, mliona nini?"

Akamwita kiranja, Anold, mtoto wa jirani yake. "Anold. Uliona nini?"

"Viputo, mwalimu."

"Na ile mara ya kwanza, mwezi wa saba?"

"Viputo, mwalimu."

"Mbona mlisema vyumba?"

Anold alitazama chini. "Tulijua mwalimu haoni. Tangu darasa la sita tunajua. Na kaka zetu walituambia, mkiulizwa, semeni vyumba vingi vimepangana, mwalimu atafurahi. Hatukutaka mwalimu aaibike."

Mwalimu Fanueli alikaa chini. Uchungu uliomshika haukuwa wa kuumbuka, huo ungekuwa mwepesi. Ni kwamba watoto walimpenda, na kwa mapenzi hayo wao na kaka zao wamesema uongo miaka miwili mbele yake, mmoja baada ya mwingine, mstarini. Aliyemtii alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye ambaye yeye alimfukuza.

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu, na jina la Sharifa lilikuwa bado kwenye orodha. Asipofika kwenye mtihani, basi, shule yake imeishia hapo, na atakayekuwa ameikata ni Fanueli. Jumamosi alfajiri aliifunga hadubini kwenye kanga ya Ernesta, akatia kitunguu mfukoni, akateremka. Alipofika Nyumba ya Mungu jua lilikuwa limeshika. Aliuliza kwa Mama Sharifa, akafuata harufu ya samaki na sauti za wanawake mpaka kwenye kibanda.

"Shikamoo, mwalimu." Sauti ile aliijua kabla hajaiona sura, na sura hakuiona vizuri. Sharifa alikuwa anaparua magamba, kisu kikasimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako."

Mama mtu alihangaika, mara kiti, mara maji ya kunywa. Mwalimu hakutaka kukaa. Akasema palepale, wanawake wengine wakisikia, "Sharifa, wewe ulisema kweli na mimi nikakuaibisha. Vilikuwa viputo. Mimi sioni, mwanangu. Nilikuwa sioni na nikaona haya kusema. Naomba unisamehe."

"Mwalimu, jamani!" Mama Sharifa alishika kichwa. "Mtu mzima kumwomba mtoto msamaha, si utampatia laana? Sharifa, mjibu mwalimu vizuri. Ametoka mlimani kwa ajili yako."

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema Sharifa, taratibu.

"Bado. Nina deni. Nataka uzione."

Akaiweka hadubini juu ya meza ya samaki, akaomba maji safi. Alipasua kitunguu, akabandua ule utando kwa kucha, akapapasa kioo cha kwanza ili autandaze, akatia maji na ayodini, na safari hii kioo cha juu alikishusha polepole mno, kwa kidole, upande mmoja kwanza, akiwa ameziba pumzi. Akageuza kile cha kunasa mwanga kuelekea bwawani, akahesabu mizunguko ya kitasa.

"Inama. Jipe muda. Unaona nini?"

Sharifa aliinama. Alikaa muda mrefu, kama siku ile.

"Naona vyumba, mwalimu," akasema Sharifa. "Vingi, vimepangana."

Mzee alilia. Hakujificha, alilia mbele ya samaki na wanawake, akicheka katikati ya kilio, na Mama Sharifa naye akajifuta kwa ncha ya kanga. Wakakubaliana palepale: Sharifa atapanda Jumapili, Jumatatu aingie darasani, afanye mtihani na wenzake. Ilikuwa imekwisha, na imekwisha vizuri.

Sharifa alimbebea hadubini mpaka barabarani. Walikuwa wamesimama wanasubiri gari, upepo wa bwawa unavuma, wakati mwalimu alipohisi kitu kinamvuta ngozi ya kidole gumba. Akakigusa kwa kidole cha pili. Ni utando mwembamba, uliokauka, umeng'ang'ania pembeni mwa ukucha. Aliupapasa mara mbili, tatu, apate kuamini. Ngozi ya kitunguu haikuwahi kufika kwenye kioo. Alichokuwa amekifunika kwa uangalifu wote ule ni maji.

"Sharifa."

"Abee, mwalimu."

"Uliona nini, mwanangu? Kweli."

Gari lilikuwa linaonekana kwa mbali, kwa yule mwenye macho.

"Umetoka mbali, mwalimu," akasema. "Ningekuambiaje hamna kitu?"

Gari likasimama. Akampokeza hadubini mapajani, akamsaidia kufunga mlango, akamwambia safari njema. Mwalimu Fanueli aliukunja ule utando kwenye leso, na njia nzima ya kurudi mlimani leso hakuiachia mkononi.

Jumatatu Sharifa alikuja. Mwalimu Doris ndiye aliyefundisha, naye Fanueli aliwekewa kiti pembeni, karibu na dirisha. Doris aliuliza iwapo wote wameelewa tofauti ya seli na kiputo. "Ndiyo, mwalimu," darasa likaitikia kwa pamoja. Mzee aliinamisha sikio akaitafuta sauti ya Sharifa katikati ya zile nyingine. Alimtaka Doris aulize tena, akauliza, wakaitikia tena. Sauti ya yule aliyewahi kuandika sikioni hakuweza tena kuitenganisha.