Mama Usibonyeze na Barua Arobaini na Moja

Shangazi yangu anafanya kazi katika hospitali ya macho, lakini hajawahi kumgusa mtu jicho. Yeye ni mtu wa mitambo. Kompyuta ikigoma, anaitwa yeye. Kompyuta ikifanya kazi, hakuna anayekumbuka kama yupo. Chumba chake kiko mwisho wa korido ya chini, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, na watu wengi waliowahi kufungua mlango wake walikuwa wanatafuta choo.

Pale kazini wanamwita Mama Usibonyeze. Mwaka jana karani wa mapokezi alipata barua pepe inayosema ameshinda safari, akabonyeza linki, na kompyuta zote za hospitali zikajifunga siku nne. Faili za wagonjwa zikaandikwa kwa kalamu mpaka kalamu zikaisha. Baada ya hapo shangazi akaombwa awafundishe wafanyakazi usalama, na shangazi akiombwa kufundisha hafundishi nusu. Alitengeneza slaidi thelathini na mbili. Akabandika mabango kila ukuta, hata mle chooni, kwa herufi nyekundu: UKIAMBIWA THIBITISHA, USITHIBITISHE. USIBONYEZE. HATA AKIWA NI MIMI.

Nilimwuliza kwa nini aliandika "hata akiwa ni mimi".

"Kwa sababu mwizi atajifanya mimi," alisema. "Ulitaka ajifanye nani, mpishi?"

Mwisho wa mafunzo walifanya mtihani. Aliyepata ishirini kwa ishirini alikuwa mmoja tu, naye ni daktari mkuu.

Sasa, kila baada ya miezi kadhaa huja daktari bingwa mgeni kuwapasua watu wenye mtoto wa jicho. Hukaa siku mbili, basi. Mara iliyopita katibu aliwatumia wagonjwa tarehe kwa barua pepe moja iliyojaa anuani za wote, na barua hiyo ikaishia kwenye folda ya barua taka ya karibu kila mtu. Walifika tisa. Bingwa akapasua tisa, akanywa chai, akaondoka.

Mmoja wa wale ambao hawakufika ni mwalimu wetu wa hesabu. Hakutuficha. Alitutangazia darasani kwamba jicho lake la kulia lina mtoto na la kushoto ni mjamzito, kwa hiyo anayetaka kujibu swali asinyooshe mkono, apige meza. Tulicheka. Halafu tukasikia kwamba shule imempa mpaka mwisho wa muhula: asipopasuliwa safari hii, atahamishiwa stoo ya vitabu. Yeye mwenyewe alisema hana neno, ni sawa na kustaafu, ila unapewa ufunguo. Siku hiyo aliandika mlinganyo mmoja mara mbili, wa pili juu ya wa kwanza, na hakuna aliyecheka.

Safari hii daktari mkuu aliamua mambo yaende kwa maandishi. Kupigiana simu hakutaki, maana kila mara huishia kwenye "nani alisema". Wagonjwa arobaini na mmoja, kila mmoja barua yake, yenye kitufe cha kijani cha kukubali tarehe. Mwisho wa kukubali ni Ijumaa saa kumi alasiri. Saa hiyo orodha inakwenda kwa bingwa, na nafasi ya asiyejibu inapewa hospitali nyingine. Kazi ya kuzituma akapewa shangazi.

Shangazi hatumi barua kwa mkono kama katibu. Anaandika msimbo, na msimbo unaziamuru kompyuta za mbali wanazoziita wingu. Nilidhani msimbo ni amri: fanya hivi, fanya vile. Kumbe huu wa kwake unafanana zaidi na kumwelezea mtu jinsi unavyotaka chumba kiwe. Unaandika: nataka meza moja na viti sita. Mashine inakwenda kuchungulia. Ikikuta viti vinne, inaleta viwili. Ikikuta sita, inarudi na kusema hakuna cha kufanya, na hapo hata ukiipigia magoti haisogei.

Jumatatu asubuhi aliandika kwenye msimbo kwamba anataka mtumaji mmoja aliyethibitishwa: anuani ya daktari mkuu, kwa kuwa ndiyo wagonjwa wanayoijua. Lakini ile huduma ya kutuma barua haimwamini mtu. Ukitaka barua itoke kwa jina la fulani, kwanza inamwandikia fulani mwenyewe: je, anuani hii ni yako kweli? Bonyeza linki hii uthibitishe, una saa ishirini na nne. Asipobonyeza, haitoki hata nukta. Ipo njia nyingine, ya kuthibitisha jina zima la tovuti ya hospitali kwa mpigo, ila funguo za jina hilo anazo fundi aliyejenga tovuti miaka sita iliyopita, na simu ya fundi huyo inapokelewa na mke wake, ambaye naye anamtafuta.

Basi mashine ikamwandikia daktari mkuu. Nusu saa baadaye wafanyakazi wote wakapata ujumbe. Shangazi, ambaye tunaishi naye, alitusomea mimi na mama mezani jioni, neno kwa neno, kama mtu anayejisomea hukumu yake.

"Ndugu wafanyakazi, leo saa tatu na robo nimepokea jaribio la wizi. Barua ndefu, ya lugha ngeni, inayonitaka nithibitishe na kubonyeza. Nimeifuta. Tuzingatie mafunzo."

"Si ungemwambia mapema kwamba itakuja?" niliuliza.

"Nilimwambia. Kwa barua pepe."

Jumanne aliuendesha msimbo upya. Mashine ikachungulia, ikamkuta mtumaji yupo, anasubiri kuthibitishwa, ikajibu kwamba hakuna mabadiliko, kila kitu kiko kama alivyoandika. Kwenye ukurasa wa huduma kuna kitufe cha kutuma tena, lakini shangazi ana msimamo wake: kwenye mitambo yake hakuna kugusa kwa mkono. Kwa hiyo akaifuta ile mistari, akaendesha, mtumaji akafa. Akairudisha mistari, akaendesha, mtumaji akazaliwa upya, na barua ikaenda mara ya pili. Daktari mkuu akaifuta mara ya pili. Shangazi akampigia simu.

"Daktari, shikamoo. Hiyo barua ya kuthibitisha ni yangu, naomba uibonyeze."

"Marahaba. Sauti siku hizi zinaigizwa," alisema daktari. "Slaidi ya kumi na tisa." Akakata.

Jumatano shangazi akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu yeye mwenyewe, na kompyuta yake kwapani. Kilichotokea huko ametusimulia mara tatu, na mara zote tatu hakukificha kipande kinachomwaibisha, kwa hiyo naamini ni kweli.

Daktari mkuu alikuwa mezani, bango jekundu likiwa nyuma ya kichwa chake. Alifurahi kumwona.

"Walikuja Jumatatu, nikafuta," alisema. "Wakaja jana, nikafuta. Leo nimewafungia kabisa. Mwanafunzi wako hajakuangusha."

"Daktari, hao wezi ni mimi."

"Ndivyo watakavyosema."

"Lakini mimi hapa nimesimama mbele yako."

Daktari aligeuka, akalisoma bango polepole mpaka mstari wa mwisho. "Hata akiwa ni mimi," alisema. "Hukuandika kwamba akiwa amesimama inaruhusiwa."

Shangazi akamwambia kuna watu arobaini na mmoja wanaosubiri, na leo ni Jumatano. Daktari akasema anajua vizuri kuliko yeye, wagonjwa ni wake, lakini mwaka jana karani naye alikuwa na haraka. Akafungua droo, akatoa mwongozo wa usalama, ule ambao shangazi aliuandika kwa wiki mbili. Kifungu cha saba: linki yoyote ya kuthibitisha itabonyezwa kwa ruhusa ya maandishi ya msimamizi wa mitambo tu, akisharidhika kwamba anamfahamu mwombaji.

"Msimamizi wa mitambo ni nani?" aliuliza daktari.

"Mimi."

"Na mwombaji?"

"Mimi."

"Basi si kazi ngumu," alisema daktari, akampa fomu.

Shangazi akaijaza. Jina la mwombaji, akaandika lake. Jina la mtoa ruhusa, akaandika lake. Je, unamfahamu mwombaji? Ndiyo. Kwa muda gani? Miaka arobaini na miwili. Tabia yake? Hapo alifikiri kidogo, akaandika: hupitiliza. Akasaini pande zote mbili. Daktari akavaa miwani, akaziangalia sahihi.

"Zinafanana sana hizi."

"Ni ndugu," alisema shangazi.

Daktari aligonga muhuri, akaiweka fomu kwenye faili, na hapo ndipo shangazi akafungua kompyuta yake pale pale mezani, akafuta mistari, akairudisha. Wakangoja. Barua haikuonekana. Daktari akakumbuka kwamba alishamfungia mtumaji, kwa hiyo lazima imeangukia kwenye taka. Aliitafuta ile folda muda mrefu, maana hakuwahi kuifungua. Slaidi ya tano ilisema usiyemjua msukumie huko na usigeuke nyuma, na yeye hakugeuka.

Barua ya kuthibitisha ilikuwa juu kabisa. Chini yake kulikuwa na nyingine, tele. Vichwa vyake havikuwa vya wezi. "Naulizia tarehe." "Mama yangu hajapata barua." "Daktari, bado nipo." Zilikuwa kumi na saba, za wagonjwa, za miezi mitatu nyuma.

Daktari aliacha kutania. Alifungua moja, akaisoma, akaigeuza skrini upande wa shangazi. Iliandikwa hivi:

"(a) Nimefika hospitalini kwenu mara mbili, na mara zote nimeambiwa nisubiri barua.
(b) Barua sijaiona. Lakini siku hizi vitu vingi sivioni, kwa hiyo huenda kosa ni langu.
(c) Naomba kujua tarehe.
Hivyo basi, nasubiri."

Shangazi alipotusimulia hakutaja jina, siri za wagonjwa anazitunza. Mimi nilitazama sahani yangu. Duniani kunaweza kuwa na watu wengi wanaolalamika kwa (a), (b), (c), ila mimi namfahamu mmoja.

"Ulisema nini?" mama alimwuliza.

"Niseme nini? Slaidi ya tano niliiandika mimi."

Daktari mkuu alibonyeza linki. Kwenye kompyuta ya shangazi neno "anasubiri" likageuka "amethibitishwa", na kabla ya saa tisa barua zote arobaini na moja zilikuwa zimekwenda. Daktari alibaki ofisini akiwajibu wale kumi na saba, mmoja mmoja, kwa vidole viwili.

Ijumaa shangazi hufanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya chakula. Nilirudi kutoka shule saa tisa na dakika kumi, nikafungua daftari langu upande wa pili wa meza. Kwenye skrini yake kulikuwa na namba moja tu ya kuangalia: waliokubali ni arobaini. Alikuwa anaumauma kifuniko cha kalamu.

Saa tisa na dakika arobaini simu yake ikaita. Mapokezi wana agizo: mtu akipiga kuuliza kama barua ni ya kweli, aunganishwe kwa Mama Usibonyeze. Shangazi akaiweka mezani, akawasha spika ili aendelee kuchapa. Sauti ilipotoka, nilikaa wima kama niko darasani.

"Nimepata barua inayodai imetoka kwa daktari mkuu," ilisema sauti. "Inanitaka nibonyeze kitufe. Miezi mitatu hospitali imekuwa kimya, wiki hii ghafla inanipenda, barua mbili. Nataka uthibitisho."

"Ni ya kweli, mzee wangu. Mimi ndiye niliyeituma."

"Nawe nitakuthibitishaje?"

Nadhani shangazi alikuwa anapitia slaidi zote thelathini na mbili kichwani, na zote zilikuwa upande wa mwalimu. Saa ya ukutani ikasogea dakika nzima. Mimi nilijua sauti ni ya nani, na nilijua nikisema neno atajiuliza mwanafunzi wake ameingiaje kwenye simu ya hospitali, halafu hatabonyeza milele.

"Ulituandikia," shangazi alisema mwishowe, akitazama jina pekee lililobaki kwenye orodha yake. "Kwenye (b) ulisema huenda kosa ni lako. Halikuwa lako. Barua yako ilifika, sisi ndio hatukuifungua."

Nilisikia kengele ya shule yetu ikilia kwa mbali ndani ya simu.

"Na (c)?" aliuliza mwalimu.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi. Usile kitu kuanzia usiku."

"Kitufe kiko wapi? Nimeambiwa ni cha kijani. Mimi hapa naona ukungu."

"Teremka mpaka mwisho wa barua. Bonyeza katikati ya ukungu."

Tulisikia pumzi yake, halafu kidole kikigonga kioo, mara moja, mara ya pili. Namba ya shangazi ikawa arobaini na moja. Zilibaki dakika kumi na mbili.

"Imeingia," alisema shangazi.

"Hivyo basi, asante," alisema mwalimu, akakata.

Jumatatu kipindi cha kwanza, cha hesabu, hatukuwa na mwalimu. Mwalimu wa zamu alikuja kutuambia tufungue vitabu tujisomee kimya. Tukapiga kelele mpaka kengele.